Kubadilisha kioo cha mlango wa Toyota IST kilichovunjwa

Kioo cha mlango kinashikwa na bolti mbili tu. Anayejua kazi anazifungua na kuzifunga kwa muda wa kunywa chai. Muda wote uliobaki unaliwa na punje za kioo zilizomwagika ndani ya mlango, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia: mteja analetewa gari limefungwa kioo kizuri, baada ya wiki mlango unalia kama manyanga, kioo kipya kina mikwaruzo na maji ya mvua yanaloanisha zulia.

Nitatumia IST ya kwanza, ile iliyotoka Japani kuanzia 2002 hadi 2007, kwa sababu imejaa mitaani na mlango wake unafanana sana na wa Toyota nyingine ndogo za umri huo. Mwenye Vitz au Probox atafuata bila kupotea, ila skrubu moja mbili zitakuwa mahali pengine.

Kwanza, ujue ni kioo gani

Kioo cha mbele cha gari kina tabaka mbili zilizobanwa na plastiki katikati, ndiyo maana kikipigwa jiwe kinapasuka nyufa lakini kinabaki mahali pake. Kioo cha mlango cha IST ni cha aina nyingine: kimepashwa moto sana kiwandani kisha kikapozwa ghafla kwa hewa, hivyo kikivunjika kinasambaratika chote kuwa punje ndogo zisizochoma kama vigae vya chupa. Kioo cha aina hii hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kutengenezwa. Muuzaji akikwambia atakipunguza kidogo kiingie kwenye gari lako, ama hajui anachouza au anataka kukukatia kioo cha dirisha la nyumba. Hicho usikubali hata kwa bure. Siku gari likigongwa kitatoa vipande virefu kama visu, na kichwa chako kiko karibu nacho.

Kama kilichovunjika ni kile kioo kidogo kisichoshuka, kilichogandishwa kwa gundi, mwongozo huu si wako. Mpelekee fundi wa vioo.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha. Mwenye bima kubwa huenda akalipiwa kioo, na kama ni wizi utahitaji RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha polisi. Mwenye bima ndogo ajiandae kutoa mfukoni.

Kununua kioo

Nenda na kadi ya gari. IST ya kwanza ni NCP60, NCP61 au NCP65. Ya pili, iliyoanza 2007, ni NCP110 na wenzake, na vioo vyake haviingiliani na vya kwanza. Sema pia mlango gani: mbele au nyuma, kulia au kushoto, ukihesabu kama mtu aliyekaa kwenye siti akiangalia mbele. Kosa la kulia na kushoto ndilo linalowarudisha watu kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, mara ya pili, kwa sababu mtu amesimama mbele ya gari akalitazama usoni.

Vioo vya milango ya nyuma vya gari nyingi za Japani ni vyeusi toka kiwandani, weusi uliomo ndani ya kioo chenyewe. Ukinunua cheupe ukaweka tinti, rangi haitalingana na ya mlango wa pili, na jua la saa tisa litakuumbua. Kisha angalia kona ya chini penye maandishi ya kiwanda, na uangalie kioo chote kama kimechongwa namba ya gari. Kioo cha mtumba kilichotoka Japani hakina namba ya T na herufi zetu. Ukiiona, au ukiona mahali pamesuguliwa ili ifutike, mrudishie mwenye duka na uondoke. Pengine kuna mwenzako anatafuta kioo hicho.

Pitisha kidole pembezoni mwote. Kioo hiki kinaweza kupigwa katikati kisiumie, lakini kikidonolewa ukingoni kinaweza kulipuka hata siku nyingi baadaye, mlango ukifungwa kwa nguvu. Hakikisha pia matundu mawili ya bolti yana zile bushi za plastiki. Kama hazipo, mwambie akutafutie. Ukifunga chuma kwa kioo bila plastiki hapo katikati, unategea kioo kipya kipasuke.

Kama kioo hakipatikani leo, ziba kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, maana unahitaji kuona saiti mira. Ibane ndani ya fremu kwa kuifungia mlango juu yake. Tepu ya kahawia ukiibandika kwenye rangi na gari likashinda juani, itaondoka na rangi au itaacha gundi.

Vifaa

Boksi namba kumi na mkono wake mrefu kidogo, bisibisi ya nyota, bisibisi bapa iliyozungushiwa tepu ya karatasi, tochi, brashi, mashine ya kuvuta vumbi, glovu nene, miwani ya kinga na viatu vya kufunika vidole. Fundi wa kandambili mnamjua, na vidole vyake mmeviona. Ongeza silikoni ya kupuliza na klipu kadhaa za akiba, kwa sababu za zamani zimekauka na lazima chache zitakatika.

Wengi watakwambia uanze kwa kutoa tamino ya betri. Kwa gari lenye redio ya Japani ya kiwandani, yenye ramani, subiri kwanza. Baadhi ya redio hizo zikikosa umeme zinajifunga na kudai namba ya siri ambayo wewe huna, na utatafuta mtu wa kuifungua kwa pesa. Kwa mlango huu inatosha kuzima gari, kutoa ufunguo na kutochokonoa waya. Kwenye gari lenye vifaa vya airbag ndani ya mlango, fuata kitabu chake au mwachie fundi anayelijua.

Kufungua kava la ndani la mlango

Anza kwa kufagia punje zilizo juu ya siti na ukingoni mwa dirisha, usije ukazikalia. Zile zilizobaki zimening'inia kwenye raba zitoe kwa glovu, ukizivuta kuelekea nje.

Skrubu zimefichwa. Moja iko nyuma ya kifuniko kidogo karibu na mkono wa kufungulia mlango, nyingine ndani ya shimo la kushikia unapovuta mlango. Kwenye mlango wa mbele, kile kipande cha pembetatu nyuma ya saiti mira kinang'oka kwa kuvutwa. Ukishatoa skrubu, ingiza bisibisi bapa chini ya kava, kwenye kona, na uvute karibu kabisa na klipu, moja baada ya nyingine. Anayevuta katikati anavunja kava, na kava zima la IST kupata rangi ileile ni mtihani.

Klipu zote zikishatoka, kava bado limening'inia juu, kwenye mstari wa kioo. Linyanyue juu ndipo litoke. Usilivute kwa pupa, kuna soketi ya swichi na waya za kitasa nyuma yake. Chomoa soketi kwa kubonyeza ulimi wake, zungusha vibanio vya waya za kitasa, na piga picha ya kila kitu kilivyokuwa.

Sasa utaona nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Iheshimu hiyo nailoni. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku, kupitia pembeni mwa kioo, na kutokea matundu ya chini. Ndivyo mlango ulivyotengenezwa. Nailoni ndiyo inayozuia maji hayo yasije upande wa miguu yako. Ibandue taratibu, ukiikata gundi kwa kuikunja, na uiache imeshika sehemu ya chini kama huhitaji kuitoa yote. Ikichanika, kata nailoni nyingine nzito kwa mfano wake.

Kutoa punje

Hapa usiwe na haraka. Ingiza mpira wa mashine ya kuvuta vumbi ndani ya mlango na uvute chini kabisa, kona zote mbili. Gonga bati la nje kwa kiganja, vuta tena. Fungua na funga mlango mara kadhaa, vuta tena. Utashangaa zinatoka wapi. Kisha chokonoa matundu ya chini ya mlango kwa waya, kwa sababu punje zikichanganyika na vumbi letu zinaziba kama zege, maji yanatuama na bati linaoza kuanzia ndani, mahali usipopaona.

Raba ya reli, ile ambayo kioo kinapita ndani yake mbele na nyuma, ifunue na uipitishie brashi toka juu mpaka chini. Punje moja ikibaki humo itachora mstari kwenye kioo kipya siku ya kwanza. Raba mbili za kiunoni, pale kioo kinapotokeza juu ya mlango, ya nje na ya ndani, nazo zikague hivyohivyo. Mwisho angalia mashine ya kioo yenyewe, ile inayokipandisha na kukishusha: penye grisi ndipo punje zinapong'ang'ania. Futa grisi chafu, paka mpya kidogo. Kwenye bolti mbili za zamani utakuta vipande vya kioo bado vimebanwa. Zifungue huku miwani ikiwa usoni.

Ndani ya gari usisahau tundu la kuchomekea mkanda, reli za siti na mahali mkanda unapotokea nguzoni. Kama mtoto hukalia siti hiyo, toa siti kabisa.

Kuingiza kioo kipya

Chomeka swichi kwa muda, washa ufunguo na upandishe au ushushe mashine mpaka mahali pa bolti pawe mbele ya matundu ya bati la mlango. Kwa gari nyingi, swichi ya mlango huo lazima iwe imechomekwa hata kama unatumia ile ya dereva, kwa sababu umeme wa mota unapita humo. Watu wamenunua mota mpya kwa kutojua hilo. Zima ufunguo kabla ya kuingiza mkono. Mashine ya kioo haijui kidole.

Puliza silikoni kwenye raba za reli. Usitumie mafuta ya injini wala grisi hapo, yanalainisha raba leo na kuiharibu kesho. Sasa inamisha kioo, upande wa mbele ukiwa chini, kiingize toka juu kati ya raba mbili za kiunoni, kisha kinyooshe polepole mpaka kingo zote mbili ziingie kwenye reli. Kuwa na mtu wa kukushikia kwa nje ni bora kuliko ujanja wote.

Kwenye mlango wa nyuma kuna kazi ya ziada: ile nguzo nyembamba inayotenganisha kioo kinachoshuka na kile kidogo inabidi ilegezwe na isogezwe ili kioo kipate nafasi. Kumbuka skrubu yake ya juu imejificha chini ya raba.

Kioo kikikaa juu ya mikono ya mashine, funga bolti zote mbili kwa vidole tu, zibaki zinacheza. Washa, pandisha kwa vituo vifupi huku ukikiongoza kwa kiganja. Kikifika juu kiache kijipange chenyewe ndani ya raba. Tazama ukingo wa juu: ukiona mwanga upande mmoja, kimeinama. Shusha mpaka bolti zionekane, rekebisha, ndipo ukaze. Ukishahisi bolti imekaa, ongeza kidogo tu na uache. Nguvu ya kukazia tairi haitakiwi hapa.

Pandisha na shusha mara kadhaa kabla ya kurudisha kava. Kikienda kwa tabu, usilaumu mota. Angalia kama raba imejikunja chini ya kioo, hiyo ndiyo sababu ya kawaida. Kama kioo cha dereva kinafunga kisha kinajirudisha chini chenyewe, mara nyingi mashine imepoteza kumbukumbu ya mwisho wake: kishushe mpaka nusu, kivute juu kwa swichi, na uendelee kuivuta kwa sekunde moja au mbili baada ya kufunga.

Kurudisha

Kabla ya nailoni, mwagia maji kwenye kioo kwa nje ukiwa umekifunga. Maji yatateremka ndani ya mlango, na lazima yatokee chini. Yasipotoka, rudi kwenye yale matundu. Yakitoka, kausha bati, bandika nailoni ukiibonyeza gundi mzunguko wote bila kuacha mdomo wazi, hasa chini. Kisha waya za kitasa, soketi, kava kwa juu kwanza, klipu kwa kugonga na kiganja, skrubu mwisho. Jaribu kitasa kwa ndani na nje mlango ukiwa wazi. Ukiufunga na kumbe waya haijashika, utaingia na kutokea upande wa abiria.

Ukiweka tinti, usishushe kioo kwa siku kadhaa, mpaka fundi wa tinti aliyeibandika akuruhusu. Namba ya gari ichongwe kabla ya hapo, kwa mchongo mwepesi na mbali na ukingo. Na baada ya wiki moja ya barabara zetu, pitisha tena mashine ya kuvuta vumbi chini ya siti na kwenye zulia, kwa sababu kuna punje zilizokuwa zimekwama juu ambazo mashimo ya barabarani yatakuwa yamezishusha.