Jinsi ya kukokotoa umbali na muda wa ndege: Dar es Salaam hadi Dubai

Kazi yangu ni kukata tiketi, na wasafiri wengi wa Dubai huniuliza ndege inachukua saa ngapi. Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwa simu yako.

Hatua ya 1: Tafuta nyuzi za viwanja vyote viwili. Kwenye Google Maps, gusa uwanja wa Julius Nyerere bila kuachia kidole mpaka alama itokee. Utaona takribani -6.88 na 39.20. Namba ya kwanza ni latitudo (kaskazini au kusini), ya pili ni longitudo (mashariki au magharibi), na alama ya kutoa kwenye latitudo maana yake ni kusini mwa ikweta. Uwanja wa Dubai ni 25.25 na 55.36.

Hatua ya 2: Kokotoa umbali. Dar iko kusini mwa ikweta na Dubai kaskazini, kwa hiyo latitudo unazijumlisha: 6.88 + 25.25 = 32.13. Zidisha kwa 111, kwa kuwa kila nyuzi ni kama kilomita 111. Unapata 3,566.

Longitudo unatoa: 55.36 − 39.20 = 16.16. Zidisha kwa 111, kisha kwa 0.987, ambayo ni kosini (cos kwenye kikokotoo cha simu) ya latitudo ya katikati ya safari, yaani (25.25 − 6.88) ÷ 2, kama nyuzi 9.2. Mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyoiacha ikweta, ndiyo maana tunapunguza. Jibu ni 1,770.

Sasa ni Pitagorasi ya shuleni: kipeuo cha pili cha (3,566² + 1,770²) ni kilomita 3,981. Kwa safari za ukanda wetu njia hii inatosha kabisa. Usiitumie kwa London hadi Tokyo, itakupoteza, maana huko njia fupi hupinda kuelekea kaskazini.

Hatua ya 3: Geuza kilomita kuwa saa. Ndege ya jeti gawa kwa 850, yaani kasi yake ya kilomita kwa saa: unapata 4.68. Hiyo si saa 4 na dakika 68! Zidisha 0.68 kwa 60, upate dakika 41. Ongeza dakika 40 za ndege kutembea uwanjani, kupaa na kushuka. Jumla ni saa 5 na dakika 21. Ndege ya pangaboi kama ATR 72, ambayo utaikuta kwenye safari fupi za ndani, gawa kwa 500.

Hatua ya 4: Linganisha na tiketi. Hapa ndipo watu wanapokwama. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika, na Dubai imetutangulia kwa saa moja. Tuseme tiketi inasema kuondoka 22:30, kufika 05:00 kesho yake. Ukihesabu moja kwa moja ni saa sita na nusu. Toa moja, zinabaki tano na nusu. Wakati wa kurudi unaongeza: kuondoka 10:00, kufika 14:20, safari ni saa 5 na dakika 20.

Angalia pia mfumo wa saa. 04:30 kwenye tiketi ni saa kumi na nusu alfajiri, si saa nne na nusu asubuhi. Na tiketi ikisema Ijumaa 00:40, ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa: saa tatu usiku ya Alhamisi uwe umeshafika uwanjani na mizigo yako. Ukienda Ijumaa usiku, ndege itakuwa imeondoka tangu jana yake usiku.