Kyubu za zege: jinsi ya kuzitengeneza na kuzivunja ili majibu yawe ya kweli

Watu wa saiti naomba tuelewane kwenye hii ishu ya kyubu, yaani vile vipande vya zege vya pande sawa tunavyovivunja kwenye mashine kupima nguvu ya zege, maana majibu yakitoka chini injinia anamgombeza fundi, fundi analaumu simenti, na kumbe zege halikuwa na shida kabisa, kyubu ndo ilitengenezwa vibaya.

Kwanza chukua zege lile lile linaloenda kwenye nguzo au slabu. Usimwambie kijana akukorogee karai la pembeni lenye simenti nyingi, hapo umepima karai, hujapima jengo, na kuna watu watalala chini ya hiyo slabu. Chota katikati ya mzigo, ule wa mwanzo kabisa na wa mwisho uache, kisha ugeuzegeuze tena kwa beleshi.

Moldi, yaani boksi la kujazia hilo zege, ni ya chuma, milimita 150 kila upande. Kaza nati, paka oili nyembamba tu ndani, halafu jaza kwa tabaka 3 na kila tabaka lishindilie na chuma chake angalau mara 35, zihesabu kweli usikadirie. Baada ya hapo gonga kuta za moldi na nyundo ya mpira mpaka mapovu makubwa yaishe, sawazisha juu na mwiko. Hapa ndo wengi wanaharibu, ukifungua ukakuta ubavu una vishimo kama sega la nyuki basi zege zuri limeshapoteza nguvu kwa ajili ya uvivu wa dakika tano.

Funika na gunia bichi, weka kivulini pasipotikisika. Kesho yake fungua, andika tarehe na sehemu zege lilipomwagwa, zamisha kwenye maji mpaka siku ya kuvunja. Maji yanatakiwa yawe kama nyuzi 20 hivi, kwa joto la Dar dramu isikae juani hata kidogo. Na usafiri jamani! Niliwahi kupokea kyubu 6 zilizopakiwa kwenye pikipiki ndani ya mfuko mtupu wa simenti, kona zimemeguka, zimekauka kau, na jamaa ametoka mbali, iliniuma lakini ilibidi nimwambie ukweli. Zifunge na magunia yaliyoloa, zisigongane.

Kawaida tunavunja siku ya 7 na ya 28, ile ya 7 inakupa kama theluthi mbili ya nguvu ya mwisho. Pima uzito kwanza, zege la kawaida linacheza kwenye kilo 8, ikija 7 na nusu jua kuna hewa ndani. Futa maji, safisha sahani za mashine, weka kyubu katikati kabisa, na ule upande uliopitishwa mwiko ukae ubavuni usiguse sahani. Mzigo wa mashine uongezeke taratibu bila kushtua, kama kilonewton 13 na nusu kwa sekunde. Ikivunjika kwenye kilonewton 600, gawa newton 600,000 kwa 22,500 (eneo la uso wa kyubu, 150 mara 150) unapata newton 26.7 kwa kila milimita ya mraba, kwahiyo kama zege lilitakiwa kuwa la 25, hiyo imevuka.

Halafu angalia ilivyovunjika. Ikiwa sawa pande zote nne zinamomonyoka na katikati inabaki kama piramidi mbili zimegusana vichwa. Ikipasuka upande mmoja tu, mzigo ulikaa vibaya, iandike kwenye ripoti na upige picha kabla hujafagia.