Kabla hujaiamini chati ya bei za hisa za zamani, angalia haya kwanza

Shangazi yangu alinipigia simu juzi kati, amekuta kwenye sanduku la marehemu mume wake cheti cha hisa 200 za kampuni moja ya Nairobi, karatasi imeshageuka rangi, na swali lake lilikuwa moja tu, "mwanangu, hizi alinunua pesa ngapi na leo ni pesa ngapi?" Jirani alikuwa ashamwambia bei imeanguka vibaya, yaani zamani ilikuwa mamia ya shilingi na leo ni makumi, kwa hiyo auze chapchap kabla haijaisha kabisa. Mimi nikadhani ni kazi ya dakika 5 kwenye simu. Ilinichukua siku 3, na nilichokikuta ndiyo sababu nimekaa kuandika hapa, maana kuna watu wengi wanauza mali ya wazee wao kwa sababu ya namba ambayo hawakuwahi kuuliza imetoka wapi.

Cha kwanza kabisa, kabla ya bei, jua ile hisa ya zamani na hisa ya leo ni kitu kimoja au la. Kampuni nyingi hugawanya hisa zake, watu wa sokoni wanaita spliti. Equity Bank mwaka 2009 iligawanya kila hisa 1 ikawa 10. Sasa fikiria mtu anatazama bei ambazo hazijarekebishwa, anaona leo 200, kesho 20, anashika kichwa, kumbe mwenye hisa 100 ameamka na hisa 1,000 na mali yake iko palepale. Shangazi ilikuwa hivyohivyo: kampuni ile ilishagawanya hisa, zile 200 za kwenye karatasi leo ni 2,000, na jirani alikuwa analinganisha bei ya zima na bei ya kipande. Kwa hiyo ukifungua chati yoyote uliza kwanza, bei hizi zimerekebishwa au ni zile zilizoandikwa siku ile? Kama tovuti haisemi, tafuta mwenyewe siku ya spliti ukaangalie kama kuna shimo la ghafla pale. Kama kuna shimo, gawanya bei zote za nyuma kwa uwiano wa spliti. Hisa za bonasi, yaani zile kampuni inazowapa wanahisa wake bure, ni hesabu ileile, na kampuni ikiwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa bei ya punguzo nayo inavuta bei chini bila biashara kuharibika. Haya yote yanaandikwa kwenye ripoti za mwaka za kampuni, tena mara nyingi zipo bure kwenye tovuti yao, watu tu hawazifungui.

Pili, chati inaanzia wapi. Hapa Safaricom ndiyo mfano mzuri kwa sababu karibu kila nyumba Kenya kuna mtu alinunua. Serikali iliuza sehemu ya hisa zake mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja, watu wakapanga foleni, wengine wakakopa benki ili wanunue, na hisa ikaanza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni 2008 ikapita shilingi 7 siku hiyohiyo. Mwaka uliofuata ikaenda chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ikapita 40. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa kama 14. Sasa haya, ni hisa nzuri au mbaya? Ukianza kuhesabu kwenye 3 utasema ni dhahabu, ukianza kwenye 40 utalia, na mtu anayetaka kukuuzia kitu atachagua mwanzo unaompendeza yeye. Mimi siku hizi mtu akinionyesha chati namuomba aivute mpaka siku ya kwanza kabisa, halafu nachagua mwenyewe miaka miwili mitatu tofauti ya kuanzia, nione hadithi inabadilika kiasi gani. Ikibadilika sana najua hakuna jibu moja pale, na mtu akinipa jibu moja nashtuka.

Na hapo kuna jambo wanaloumia nalo sana ndugu zetu walio Dubai, Muscat, Marekani, wanaotuma pesa nyumbani kununua hisa. Katikati ya 2008 dola moja ilikuwa shilingi za Kenya 60 na kitu, kwa hiyo ile hisa ya shilingi 5 ilikuwa kama senti 8 za dola. Mwishoni mwa 2023 dola ilikuwa imepanda mpaka 156 hivi, na hisa ya shilingi 14 ni kama senti 9. Kwa shilingi imekaribia mara tatu, kwa dola haijasogea kitu kwa miaka 15. Usiseme hasara bado, nakuja kwenye gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa, ila kama mshahara wako ni wa dola au dirham tengeneza safu ya pili kwenye jedwali lako, bei ya siku ile kwa pesa unayolipwa wewe. Walio nyumbani nao wasijione wamepona, bei ya unga na kodi ya nyumba ya 2008 siyo ya leo.

Gawio sasa. Chati ya bei haina gawio ndani yake, wallahi hili linapotosha watu kuliko yote. Tuseme ulinunua hisa 1,000 kwa shilingi 20, miaka kumi baadaye bei bado ni 20, chati inaonyesha mstari umelala na utasema pesa ilikufa. Lakini kama kila mwaka kampuni ilikupa shilingi 1 na senti 50 kwa hisa, umepokea 15,000 juu ya ile 20,000 yako, ukitoa kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla pesa haijakufikia, ambayo kwa mkaazi wa Kenya ni asilimia 5 umebaki na 14,250 mkononi. Kwa hiyo andika gawio la kila mwaka pembeni ya bei. Na ukiona bei imeshuka kidogo ghafla bila habari yoyote, angalia kama ndiyo wakati kampuni ilifunga daftari la wanahisa, maana baada ya siku hiyo mnunuzi mpya hapati lile gawio na ni kawaida bei kupungua.

Halafu kuna mistari iliyonyooka kwenye chati, bei isiyosogea kabisa. Hii nataka uielewe vizuri kwa sababu kwetu ni tofauti na masoko makubwa ya huko nje. Hisa ya Kenya Airways ilisimamishwa kuuzwa Julai 2020 bei ikiwa shilingi 3 na senti 83, na ikabaki namba hiyohiyo mpaka Januari 2025 iliporudishwa sokoni. Mtu anayetazama chati bila kujua atasema hisa ilitulia miaka minne na zaidi, kumbe hakuna hata mtu mmoja aliyeweza kuuza au kununua. Dar es Salaam nako hisa ya Vodacom Tanzania iliuzwa kwa umma shilingi za Tanzania 850 mwaka 2017, baadaye ikaganda kwenye 770 muda mrefu sana, na pale hisa haikusimamishwa, ni biashara tu ilikuwa ndogo. Ndiyo maana usichukue safu ya bei bila safu ya idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Bei ya 770 ambayo zimeuzwa hisa 50 siyo bei unayoweza kuuzia hisa zako 20,000, ukipeleka zote kwa broka, yaani wakala anayekuuzia hisa sokoni, utakaa wiki unangoja au ushushe bei.

Makampuni yaliyokufa hayamo kwenye orodha ya leo, hilo pia likumbuke. Kabla hujasema "kampuni za NSE hulipa ukivumilia", yaani za soko la hisa la Nairobi, kumbuka ARM Cement iliyosimamishwa 2018 na Mumias Sugar 2019. Waliokuwa nazo walivumilia pia.

Mambo madogo ya jedwali nitayapitia haraka. Tarehe, jamani tarehe: Excel nyingi zimewekwa kwa mtindo wa Marekani, kwa hiyo 03/04/2012 unayosoma tarehe 3 Aprili yenyewe inasoma Machi 4, badilisha hilo kabla hujabandika chochote. Tumia bei ya kufunga kila siku, usichanganye leo ya juu kesho ya chini. Siku za mapumziko ziache wazi usijaze. Na bei moja ihakikishe sehemu mbili, tovuti na gazeti au ripoti ya broka, mimi nilikuta tovuti moja imerekebisha spliti nusu ya miaka na nusu haikurekebisha, nikapoteza siku nzima.

Kwa shangazi ilibidi twende mbali zaidi, kwa sababu watu wa mirathi walitaka bei ya tarehe ile mzee aliyofariki, siyo ya leo. Tarehe yenyewe ilikuwa Jumapili, soko limefungwa, tukaandika bei ya Ijumaa na tukaeleza kwa maandishi kwa nini, tukaambatanisha barua ya kampuni inayoonyesha spliti ili mtu asije akahesabu hisa 200. Usipofanya hivyo warithi watagombana bure, mmoja ana hesabu ya karatasi mwingine ana hesabu ya leo. Cheti cha karatasi nacho hakiuziki hivihivi, lazima hisa ziingizwe kwanza kwenye akaunti ya CDS, ile inayotunza hisa kwa kompyuta badala ya karatasi, kupitia broka. Na tulipokuwa tunajaza lile jedwali la gawio mwaka kwa mwaka ndipo shangazi akasema hakumbuki mzee kupokea hundi yoyote tangu wahame nyumba ya zamani. Gawio lisilochukuliwa kwa muda mrefu hupelekwa UFAA, ile mamlaka inayoshika mali za kifedha zisizodaiwa, kwa hiyo sasa tuko kwenye fomu za huko, na lile jedwali ndilo tunalotumia kuonyesha ni miaka ipi na ni shilingi ngapi anazodai.