Lango la ngome kutoka kwenye mbuzi ya nazi

Ukitaka sauti ya kitu kikubwa kwenye gemu, rekodi kitu kidogo kwa 96 kHz (yaani sauti inapimwa mara 96,000 kwa sekunde), halafu punguza kasi hadi nusu. Juzi nilihitaji lango zito la ngome. Nikalipata kwenye mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukunja, pale kiungo chake kinapolia "kriiii" ukiifungua taratibu. Maiki niliiweka kama shubiri moja hivi. Kasi ikishuka nusu, masafa yote ya sauti nayo hushuka nusu: rekodi hubeba sauti hadi nusu ya namba yake, hivyo ya 48 kHz hufika 24 kHz tu, kwa hiyo juu inabaki 12, na lango linasikika kama limefunikwa blanketi. Ya 96 hubeba hadi 48, ikishuka bado una 24, na ule mkwaruzo unaosisimua meno haupotei. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, badili kasi na kimo (wembamba au uzito wa sauti) kwa pamoja, si tempo peke yake. Tempo inarefusha tu, na kriiii inabaki ya jikoni.

Inagoma wapi? Maiki isiyonasa kitu juu ya 20 kHz, zikiwemo nyingi za simu, itakupa faili kubwa na hewa tupu. Zima feni na friji pia, maana mvumo wao hushuka pamoja na lango na kugeuka ngurumo. Sauti ya mtu usijaribu, labda kama unatafuta mlevi.