Somo: Kuondoa Marundo Nyumbani Kabla ya Kuanza Kazi Mpya

Ndugu wanachama, somo hili linamhusu yeyote anayetaka kuanza jambo jipya, iwe ni biashara, masomo au ndoa, ilhali nyumba yake haina hata nafasi ya kuweka meza. Mfano wangu ni chumba cha mbele cha nyumba yangu hapa Walukuba, Jinja, nilichokisafisha Desemba ili nishonee sare za shule. Mwaka wa shule hapa Uganda huanza Februari na wazazi huanza kutafuta fundi Januari, kwa hiyo fundi ambaye cherehani yake bado imefunikwa na magunia mwezi huo amekwisha kuukosa msimu.

Hatua ya kwanza: vitu visivyo vyako. Wengi huanza na kabati la nguo, wakachoka siku ya pili na kuacha. Mimi nashauri uanze na vitu vya watu, kwa sababu huna ruhusa ya kuviuza, kuvigawa wala kuvitupa, na ndiyo maana hudumu kuliko vyote. Nilipoandika orodha ya vitu vikubwa vya chumba kile nilipata 14, na 9 kati yake havikuwa vyangu: masufuria ya harusi ya kikundi chetu cha akina mama, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, mabati ya jirani aliyehama, na godoro la mpwa wangu aliyekwenda kusoma Kampala, akamaliza, akaajiriwa, asirudi kulichukua. Piga simu badala ya kutuma ujumbe, na utaje siku na saa. Nilimwambia, "Mwanangu, godoro lako litakuwa mlangoni Jumamosi saa nne asubuhi, na boda boda ya kulifikisha stendi nitalipa mimi." Akanijibu, "Kumbe bado lipo, shangazi? Mpe yeyote anayelihitaji." Miaka minne nilikuwa nikilikwepa godoro ambalo mwenyewe alikwisha kulisahau.

Hatua ya pili: karatasi. Hapa usifanye haraka, wala usimwachie mtoto kazi hii. Tandika mkeka, mwaga kila bahasha na kila kopo, kisha usome karatasi moja moja. Vyeti vya UNEB, baraza la mitihani la taifa, kitambulisho cha taifa, vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo za watoto na mkataba wa kununua kiwanja wenye mhuri wa mwenyekiti wa LC I (baraza la kijiji au mtaa) havitupwi kamwe. Vitie katika mfuko wa plastiki na uviweke juu, mbali na sakafu. Mwenye biashara anatakiwa na sheria ya kodi kuhifadhi kumbukumbu zake kwa miaka 5, basi risiti za mtaji asizichanganye na risiti za sukari. Zile risiti laini za mashine hufifia: katika kopo langu la biskuti nilikuta kadhaa zilizokuwa nyeupe kabisa, sikuweza kujua hata nilinunua nini. Zenye umuhimu zitolee nakala au uzipige picha mapema.

Hatua ya tatu: vilivyobaki. Hapa kazi ni nyepesi. Nguo nzima mpe wa kuzivaa, zilizochakaa zikate ziwe matambara, na chuma chakavu muuzie mnunuzi anayepima kwa kilo mbele ya macho yako. Maliza kabla ya mvua za Machi, kwa maana vitu vilivyotolewa uani vikinyeshewa hurudishwa ndani "vikauke kidogo", na hapo vimerudi kukaa.

Hatua ya nne: chumba kikae kitupu siku mbili. Nyuma ya sanduku la mwisho niliona njia ya mchwa, nyembamba kama kamba ya kiatu, ikipanda ukutani kuelekea kwenye mbao za dari. Kama ningeingiza meza ya kukatia vitambaa siku ileile, nisingeiona. Ondoa udongo huo, tia dawa, paka chokaa, ndipo uingize kifaa cha kazi yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Arua: Mume wangu ana redio mbovu sita na hataki hata moja iondoke, akisema atazitengeneza. Nifanyeje?

Jibu: Dada, usizitupe akiwa safarini, utashinda chumba na kupoteza amani. Mpe sanduku moja na mkubaliane kuwa zinazoenea humo zinabaki. Achague mwenyewe.

Swali, kutoka Mbale: Baba yetu alifariki mwaka jana na nataka kufungua saluni katika chumba chake. Naweza kuondoa vitu vyake?

Jibu: Pole sana. Usianze peke yako. Subiri kikao cha familia, na kama kwenu kuna desturi ya kumaliza msiba, ile ambayo Waganda huiita okwabya olumbe, ifanyike kwanza. Karatasi za ardhi na za benki ziorodheshwe mbele ya mashahidi wala zisigawanywe, kwa kuwa mali ya marehemu inahitaji msimamizi anayetambuliwa na sheria. Nguo na vyombo, familia ikikubaliana, ndivyo huondoka kwanza.

Swali, kutoka Kampala: Kwa nini nisichome tu plastiki na makaveera (mifuko ya plastiki) nyuma ya nyumba?

Jibu: Moshi wake ni sumu, na majirani wanauvuta pamoja na watoto wako. Chupa zitenge, wapo wanaozikusanya na kuziuza. Ninyi wa Kampala mliona Agosti 2024 jinsi rundo la taka la Kiteezi lilivyoporomoka na kuua zaidi ya watu 30, hivyo kila kinachoweza kutumiwa tena kisiende jalalani.

Swali, kutoka Jinja: Mwenye mabati alikuja?

Jibu: Bado. Nimempa hadi mwisho wa mwezi mbele ya mwenyekiti wetu wa LC I, na kwa sasa yameegemezwa ukutani nje, yamefungwa kamba na kuandikwa jina lake kwa chaki.