Kabla ya Kufunga Keria Juu ya Pikapu: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Tabora

Mwenye pikapu mjini Tabora anayefikiria kufunga keria juu ya kebini kwa kawaida ana sababu inayoeleweka: bodi, yaani sehemu ya nyuma ya kubebea mzigo, imejaa, na chini bado kuna mizinga ya nyuki, mabati au magodoro ambayo lazima yafike Sikonge au Urambo kabla jua halijazama. Hata hivyo, kabla ya kumwita fundi wa kuchomelea, inafaa ajibu maswali matatu kwa maandishi, kwa sababu majibu ya kichwani hubadilika kila mzigo mpya unapotokea: ni vitu gani hasa vinavyokosa nafasi, vina uzito wa kilo ngapi, na vitapita katika barabara ya aina gani. Msimamo wangu niutaje mapema ili msomaji aupime pamoja na hesabu zitakazofuata. Keria ya juu ya kebini inafaa kwa vitu vikubwa vilivyo vyepesi tu. Mzigo mzito mahali pake ni ndani ya bodi, na vitu virefu hubebwa vyema zaidi na fremu iliyosimikwa juu ya bodi.

Anza kwa kuorodhesha mizigo ya msimu mzima badala ya ile ya safari moja iliyokusumbua. Kwa kila kitu andika urefu, upana na uzito, na uzito huo uupate kwenye mizani ya duka la nafaka, kwa kuwa macho hudanganya. Asali ni mfano mzuri. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa hufikia kilo 28 bila kuhesabu ndoo yenyewe, na ndoo tatu tu hupita kilo 80. Ubao wa mninga wa inchi 2 kwa 4 wenye urefu wa futi 12, ukiwa mkavu, huwa na uzito wa karibu kilo 11 au 12, na ukiwa mbichi huzidi hapo. Mbao kumi za namna hiyo tayari ni zaidi ya kilo 100. Kinyume chake, mizinga mitupu ya magome, matenga, magodoro na viti vya plastiki hujaza bodi upesi ingawa uzito wake ni mdogo. Kundi hili la mwisho ndilo linaloweza kuhalalisha keria ya juu, na kama orodha yako haina vitu vya kundi hili, huna sababu ya kuendelea na mpango huo.

Baada ya orodha, tafuta kiwango ambacho mtengenezaji wa gari ameruhusu juu ya paa. Kiwango hicho huandikwa katika kitabu cha gari, na kwa pikapu nyingi huwa kati ya kilo 50 na 100 gari linapotembea. Ford Ranger ya toleo la 2022, kwa mfano, imewekewa kilo 85. Linganisha na bodi, ambayo katika pikapu nyingi za kazi hubeba karibu tani moja, na utaona jinsi tofauti ilivyo kubwa. Magari mengi yaliyotumika Japani hutufikia na kitabu cha Kijapani au bila kitabu kabisa. Katika hali hiyo, peleka namba ya chasisi kwa wakala wa kampuni ya gari lako, na usipopata jibu la uhakika, chukua kilo 50 kuwa mwisho wako wa jumla.

Neno «jumla» hapa lina uzito wake, kwa sababu kiwango cha paa kinahesabu keria yenyewe pamoja na kila kilichofungwa juu yake, kuanzia turubai hadi tairi la akiba. Tuseme kitabu kinaruhusu kilo 75, na fundi amekutengenezea keria ya bomba za chuma yenye uzito wa kilo 35. Kwenye lami, kama ile ya kwenda Nzega, umebakiwa na kilo 40 za mzigo. Ukiacha lami na kuingia njia za vumbi, wapo watengenezaji wa keria wanaotaka kiwango kigawanywe kwa 1.5 kwa ajili ya mitikisiko, na hapo kilo 75 huwa 50. Toa kilo 35 za keria, zinabaki 15. Dumu moja la maji la lita 20 limeshazidi. Nawasihi wenye pikapu wafanye hesabu hii kwa namba za magari yao kabla ya kutoa hata shilingi moja, maana wengi wanaofunga keria nzito ya chuma wanatumia karibu kiwango chote cha paa kubeba keria tupu.

Sababu ya kiwango kuwa kidogo namna hiyo ni mbili. Kwanza, paa la kebini ni bati jembamba linaloshikiliwa na nguzo za pembeni. Gurudumu linapotumbukia shimoni, mzigo wa juu hugandamiza nguzo hizo kwa nguvu inayozidi uzito wake wa mizani. Pili, na hili ndilo linaloua watu, kila kilo inayowekwa juu ya paa huinua kitovu cha uzito wa gari. Pikapu iko juu tayari. Inapokata kona kwa kasi, inapomkwepa mwendesha baiskeli ghafla, au inapopita njia ambayo mvua za Novemba hadi Aprili zimechimba upande mmoja, mzigo wa juu huivuta kuelekea upande inakoegemea, na hatua kutoka kuinama hadi kupinduka ni fupi sana.

Lipo jambo jingine linalozihusu pikapu peke yake, na mafundi wengi hawalizingatii. Katika pikapu nyingi, kebini na bodi ni vitu viwili tofauti vilivyofungwa juu ya chasisi moja kwa boliti na mipira. Chasisi hujipinda kidogo gari linapopita penye mabonde, na kebini na bodi huchezacheza kila kimoja kwa namna yake. Ukitazama mwanya uliopo kati yake gari likivuka mtaro kimshazari, utauona ukipanuka na kufinyika. Keria ndefu iliyochomelewa kuwa kitu kimoja, ikashikwa kwenye paa upande wa mbele na kwenye bodi upande wa nyuma, huzuia mchezo huo wa lazima. Matokeo yake ni kwamba baada ya muda maungio ya keria hupasuka, au paa hupasuka, au kioo cha mbele huanza kuvuja maji pembeni. Kwa hiyo usikubali muundo wa namna hiyo, hata kama jirani yako anao na bado haujaharibika. Mbao au mabomba marefu yanayoegemea keria ya paa na fremu ya bodi kwa pamoja yafungwe imara upande mmoja, na upande mwingine yalazwe juu ya mpira uliokatwa kutoka tairi la ndani, yakiwa na nafasi ndogo ya kuteleza.

Aina ya pikapu nayo huamua mengi. Kwa pikapu ya milango miwili, paa ni fupi kiasi kwamba keria yake haibebi kitu cha maana, ilhali bodi inazidi mita 2. Bati la mita 3 litalala ndani yake na kutokeza kidogo tu nyuma. Mwenye gari la namna hii simshauri kabisa kufunga keria ya kebini. Dabo kebini, yaani pikapu ya milango minne, ina bodi ya takriban mita 1.5, na hapo ndipo tatizo la vitu virefu huwa kubwa. Hata kwake, fremu ya bomba iliyosimama kwenye kona nne za bodi ni chaguo bora, kwa sababu uzito hushuka moja kwa moja kwenye bodi na chasisi. Ifanye iwe juu kidogo tu kuliko paa, ili kebini iikinge upepo, na chini ya kila mguu pawekwe kipande cha bamba nene la chuma ili uzito usambae, kwani bati la ukingo wa bodi peke yake hujikunja. Fremu hii haikupi ruhusa ya kupandisha nusu tani juu, kwa maana hoja ya kitovu cha uzito bado ipo pale pale.

Gharama ya keria haiishii siku ya kufunga, kwani mafuta nayo huongezeka. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi: kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, huzidi mara moja na nusu, na keria huongeza juu ya hapo hata ikiwa tupu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 na maabara ya Lawrence Berkeley ulionyesha kuwa keria za juu zinaweza kuongeza matumizi ya mafuta kwa kiwango cha kuanzia sifuri hadi asilimia 25, kutegemea gari, keria na mzigo. Pima la kwako: jaza tangi hadi juu, nenda safari yako ya kawaida, jaza tena, kisha gawanya kilomita kwa lita, kabla ya kufunga na baada ya kufunga. Mtu ambaye vitu vyake vikubwa hutokea mara chache kwa mwaka atakuta kwamba kukodi kirikuu kwa siku hizo ni nafuu zaidi.

Pima pia kimo. Geti la nyumbani, matawi ya miembe mitaani na yale ya miombo katika njia za kambi za nyuki hayatasogea kwa ajili ya mzigo wako. Mwulize wakala wa bima kama keria inahitaji kutajwa katika mkataba wako, na kamwe usipandishe mtu juu yake.

Ukiwa umepita hatua zote hizo na bado keria ya kebini inahitajika, iwe nyepesi na ya kufungua. Chagua alumini ukiweza, au bomba jembamba za mraba kwa muundo mfupi usiopita urefu wa paa. Magari yenye mfereji wa maji pembeni mwa paa, kama Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, hupokea keria ya kubana kwenye mfereji huo bila kutoboa kitu. Mengine yatumie miguu na sehemu za kufungia zilizotengenezwa kwa gari husika. Usiruhusu kuchomelea chochote kwenye paa, kwani moto huunguza rangi ya kuzuia kutu hata upande wa ndani usioonekana. Keria ichomelewe ikiwa chini, mbali na gari, ipakwe rangi, ndipo ipandishwe na kufungwa kwa boliti zenye wosha pana na nati zenye plastiki ndani, ambazo hazilegei kwa urahisi.

Godoro hukamata upepo na kutaka kupaa, kwa hiyo mikanda ipite juu yake kwa upana na kwa urefu, na ukingo wa mbele wa godoro uelekee chini. Safari ya kwanza iwe fupi na mzigo uwe nusu ya ulichokokotoa. Simama baada ya kilomita 20 hivi ukaze boliti zote upya, kisha zikague tena ukifika. Tazama rangi kuzunguka kila mguu wa keria na mpira wa kioo cha mbele. Ukiona ufa mwembamba, mbonyeo mpya katika bati au dalili ya maji ndani ya kebini, fungua keria yote siku hiyo hiyo na umrudishie fundi abadilishe miguu kabla haijapanda tena.