Mtu akikwambia anasoma mawazo: jinsi ya kumpima bila kumuonea wala kumbeba

Mtu akisema anajua unachowaza, au ndoto zake huwa zinatokea kweli, kuna wanaoamini hapohapo na kuna wanaocheka hapohapo, na mimi naona wote wamewahi sana kuamua. Hili jambo linapimika. Limepimwa maabara kwa karibu miaka 100 na watu makini kabisa, kwa hiyo ngoja nikuonyeshe unavyoweza kupima mwenyewe nyumbani, na humohumo utaona kwa nini hao wa maabara mpaka leo wanabishana.

Anza na dai lenyewe, lipunguze mpaka liwe dogo. "Nahisi vitu" halipimiki, ila "nikiwa chumba kingine naweza kutaja karata uliyoshika" linapimika. Mwache mwenyewe aseme anaweza nini na katika hali gani, akitaka utulivu mpe utulivu, maana ukimpima kwa kitu ambacho hajasema anakiweza hapo umemuonea tu.

Halafu ujue kubahatisha peke yake kunampa ngapi. Hapa ndo watu wengi wanapotea. J. B. Rhine wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, miaka ya 1930 alitumia karata 25 zenye alama 5 (duara, msalaba, mawimbi, mraba na nyota), mtu anayekisia tu anapata 5 kwa wastani. Sasa akitokea aliyepata 9 kila mtu anashtuka, lakini 9 au zaidi inakuja kwa bahati tupu karibu mara 5 katika kila 100, yaani ukipima watu 20 uwezekano kwamba angalau mmoja wao atafika hapo unazidi nusu, na huyo mmoja ndo atasimuliwa kila mahali, wale 19 hakuna atakayewakumbuka.

Nyumbani tumia karata za kawaida: kopa, uru, shupaza na pau. Changa, chomoa moja, itazame, mwenzako akiwa chumba kingine mlango umefungwa aandike anachoona, kopa, uru, shupaza au pau, kisha rudisha karata na uchange upya. Fanya mara 100. Usimwambie alipatia au alikosa mpaka mwisho wa yote. Na kurudisha karata ni lazima, usipoirudisha mtu mwenye kumbukumbu nzuri anahesabu zilizobaki na anapanda bila nguvu yoyote ya ajabu. Kubahatisha kunampa 25, na 34 au zaidi hutokea kwa bahati kama mara 3 tu katika 100.

Ziba mianya. Usiseme "haya" kwa sauti ile ya kusitasita, mpe ishara ya kubisha ukuta mara moja na basi. Baadhi ya karata za mwanzo zilizochapwa kwa majaribio ya aina ya Rhine alama zilionekana kwa nyuma mwanga ukizipiga vizuri, kitu kidogo hivyo kinaharibu kila kitu. Na usijiamini kwamba huwezi kudanganywa. James Randi, mwanamazingaombwe, aliwapeleka vijana wawili wa mazingaombwe kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, kuanzia 1979, watafiti wakaona wana vipaji vya kweli mpaka siri ilipotolewa 1983. Wale watafiti walikuwa wasomi wazuri tu, ila usomi haukufundishi ujanja wa mikono, kwa hiyo ukipata mtu wa mazingaombwe akae pembeni aangalie.

Sasa kitu ninachokiona ni kikubwa kuliko vyote: andika KABLA. Idadi ya majaribio, nini kitahesabika kupatia, siku gani mnaishia. Ukiacha wazi utasimama pale matokeo yanapopendeza bila hata kujua unafanya hivyo. Daryl Bem, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 2011 alichapisha majaribio 9 ya kupima kama mtu anaweza kuhisi kitu kabla hakijatokea, yenye washiriki zaidi ya 1,000 kwenye jarida kubwa la saikolojia. Katika moja mtu anachagua kati ya mapazia mawili kwenye kompyuta, na kompyuta inaamua picha ipo wapi BAADA ya yeye kuchagua, watu wakapatia picha za mapenzi 53.1% badala ya 50. Ilitikisa kweli, kwa sababu alifuata njia zilezile za wanasaikolojia wengine wote, wengi wakaanza kujiuliza kama njia zenyewe ndo zina shida. Watafiti Ritchie, Wiseman na French wakarudia moja ya majaribio yake mara 3, wakakosa, na jarida lile lile likakataa kuwachapa kwa kuwa halikuwa linachapa marudio. Hili linaniuma mpaka leo. Baadaye waumini na wenye mashaka wakakaa pamoja, wakakubaliana kila kitu mapema, wakarudia lile la mapazia: makisio 37,836, kupatia 49.89%. Ilitoka 2023.

Usidhani upande wa kuamini hauna kitu. Kuna majaribio ya ganzfeld, unafunikwa macho kwa nusu za mpira wa tenisi ya meza, taa nyekundu, masikioni mvumo mmoja tu, mwenzako mbali anatazama picha, kisha unachagua moja kati ya 4. Wanaoyatetea wakijumlisha wanapata karibu 32% badala ya 25. Milton na Wiseman mwaka 1999 wakajumlisha majaribio 30 mapya zaidi na hawakuona kitu. Na mwaka 1995 serikali ya Marekani ilipotaka kujua kama mradi wake wa kuona vitu vya mbali kwa akili tu una maana, Jessica Utts, mtakwimu, na Ray Hyman, mwanasaikolojia, walisoma data zilezile: Utts akasema jambo limethibitika, Hyman akasema bado maana hakuna maabara huru iliyorudia ikapata. Mradi ukafungwa. Mimi nipo na Hyman, ila hoja za Utts nazisoma kwa heshima, anajua hesabu kuliko wengi wanaomcheka.

Kwa hiyo mtu wako akipata 34, usitangaze na usimkatalie. Siku nyingine rudieni 100 nyingine, karata mpya, mtu mwingine achomoe, sheria zilezile. Akishuka hadi 26 siku hiyo, usiifute wala kusema alichoka, jumlisha zote mbili: 60 kati ya 200, na zote zikae kwenye daftari moja.